Mwenye Penseli wa Rafu ya Kuku

Ukiingia katika maktaba ile na hujui rafu ya kuku iko wapi, usimsumbue mkutubi. Fuata manyoya. Vitabu vya sheria vimekaa pale mpaka mende wamevikinai, lakini vya kuku havitulii. Vinatoka asubuhi, vinarudi baada ya wiki mbili na pumba za mahindi katikati ya kurasa, alama za vidole, na wakati mwingine kitu ambacho mkutubi hukikwangua kwa kisu huku amegeuza uso pembeni. Mtaa mzima ulikuwa umeingia wazimu wa kuku. Nyuma ya kila nyumba palikuwa na banda, na kila mwenye banda alikuwa msomaji, hata wale ambao tangu watoke shule hawakuwahi kushika kitabu ila kuulia mbu.

Katika vitabu saba vya rafu hiyo, kilichogombaniwa kilikuwa kimoja: kitabu cha kijani. Jalada lake liliwahi kuwa na picha ya kuku na vifaranga wake. Sasa alibaki kuku peke yake, vifaranga walishafutika kwa kushikwashikwa. Watu hawakukigombania kwa sababu ya aliyekitunga. Walikigombania kwa sababu ya penseli.

Pembezoni mwa kurasa zake, kwa mwandiko mdogo uliosimama wima, kuna mtu alikuwa amejibizana na kitabu tangu mwanzo hadi mwisho. Penye maelezo ya banda aliandika: “Mlango utazame upande usio na upepo. Mtungaji hajawahi kusimama nje ya banda asubuhi ya mvua.” Penye kuku anayekula mayai yake mwenyewe: “Muwekee yai la mbao. Atadonoa mara mbili, ataacha. Nimejaribu.” Na penye kuku asiyetaga, ambapo mtungaji alishauri kwa upole aongezewe chakula, palikuwa na maneno matatu tu: “Uvivu hautibiwi. Mchinje.”

Watu walilipenda hilo kuliko yote. Kanuni iliyobandikwa mlangoni ilikataza kuandika vitabuni, na mkutubi, dada mmoja mwenye sauti ndogo na macho makali, hakuwa na mchezo na wachafuzi. Lakini yeye mwenyewe alikuwa na kuku kumi na wawili nyumbani. Kila aliposhika kifutio aifute penseli ile, alisoma kwanza, akasema atafuta kesho, na kesho hiyo haikufika. Mwisho watu wakawa wanakuja mezani kwake wakiuliza, “Dada, kile chenye penseli kimerudi?” Mwandishi wa pembezoni wakampa jina: Mwenye Penseli. Wengine walisema ni daktari wa mifugo. Mzee mmoja aliapa kuwa ni marehemu.

Marehemu mwenyewe alikuwa hai, amekaa hatua tano kutoka hapo, meza ya magazeti, anasikiliza kila neno.

Alikuwa mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mama wa watoto wanne waliokwisha kuwa na watoto wao, mke wa fundi bomba. Miaka thelathini na minne alikuwa ameshika kalamu nyekundu, na ugonjwa huo haukumtoka aliporudi nyumbani. Maandishi ya mtu hayakupita mbele yake bila kusahihishwa. Aliwahi kusahihisha kadi ya harusi ya mwanawe wa kumzaa na kuirudisha kwa mchapaji. Siku za kazi, akibanwa na walimu wenzake, alikuwa na msemo wake: “Mwalimu hakosei, chaki ndiyo huteleza.” Wenzake walicheka. Yeye alicheka pia, lakini moyoni hakuona kichekesho chochote.

Kwa hiyo kila asubuhi alifungua gazeti, akatega sikio. Mtu akisema “yule wa penseli ana akili,” Mwalimu aligeuza ukurasa taratibu kama hakusikia, na siku hiyo alirudi nyumbani bila kuhisi magoti yake yanavyouma. Hakumwambia mtu, hata mumewe. Kusifiwa bila kujulikana kulikuwa kutamu kuliko kusifiwa usoni, maana hakukuhitaji hata kujifanya mnyenyekevu.

Basi tusimame kwenye ukurasa wa arubaini na moja, maana ndio uliomponza.

Ukurasa huo unaeleza chanjo ya mdondo. Kwa asiyefuga: mdondo ni ule ugonjwa unaoingia bandani Jumatatu, Jumatano kuku wanapinda shingo na kuzunguka kama walevi, Jumamosi unafagia uwanja. Dawa yake hakuna. Kinga yake ni chanjo ya maji, kichupa kidogo unachochanganya na maji ya kunywa, kila baada ya miezi mitatu. Na kitabu kilionya wazi: usichanganye na maji ya bomba, kwa sababu dawa inayotiwa kwenye mabomba kuua vijidudu huiua chanjo nayo, tumia maji ya kisima au ya mvua.

Mwalimu alipofika hapo alitabasamu kwa dharau. Akaukata mstari ule wote kwa penseli, na pembeni akaandika: “Woga wa bure. Maji ya bomba yanafaa. Nimechanja hivi miaka saba, sijapoteza hata kuku mmoja.” Akapuliza unga wa penseli, akafunga kitabu, akakirudisha rafuni kwa mkono wake.

Mwaka ukapita, na kitabu kikapita mikono mingi.

Jumatatu moja asubuhi aliingia maktaba fundi cherehani wa mtaa wa nyuma, mwanamke wa miaka arubaini na kidogo, aliyeitwa Sindano tangu utotoni kwa wembamba wake. Ufundi ulikuja baadaye, jina likawa limeshamngojea. Alikuwa na kitabu cha kijani kwapani. Alikiweka mezani kwa mkutubi kwa mikono miwili.

“Mbona mapema?” mkutubi akauliza. “Una siku tatu bado.”

“Kitanisaidia nini tena, dada? Kuku wameisha.”

“Wameisha wamekwenda wapi?”

“Mdondo. Thelathini na wanane nilikuwa nao. Siku tano tu. Amebaki jogoo mmoja, naye shingo imepinda, akitaka kula anadonoa pembeni ya chakula.”

Mkutubi akaacha kugonga mihuri. “Pole jamani. Hukuchanja?”

“Nilichanja!” Sindano hakupaza sauti. “Chanjo niliibeba na barafu kwenye chupa ya chai. Kuku niliwanyima maji tangu alfajiri ili washikwe na kiu. Wakanywa yote kabla saa mbili hazijaisha. Kila kitu kama kilivyoandikwa.”

“Maji ulitumia gani?”

“Ya bomba. Kitabu kinakataza, lakini Mwenye Penseli amekata pale. Yeye amechanja hivyo miaka saba.”

“Basi mimi sijui,” mkutubi akasema polepole.

“Mimi najua. Nimekosea mimi mahali. Kichwa changu hiki tangu shule kilikuwa hakishiki kitu.” Akajaribu kucheka. “Sikitiko langu ni mama tu. Wale kuku walikuwa wenzake. Mimi nikiwa kwenye cherehani, yeye alikuwa nao kutwa, anawasema kama wakwe. Sasa anakaa mlangoni anatazama banda. Ningempata huyo Mwenye Penseli ningemuuliza neno moja tu: nilikosea wapi?”

Akageuka kutoka. Alipopita meza ya magazeti alipunguza mwendo, akasema, “Shikamoo, Mwalimu.”

“Marahaba, mwanangu. Pole sana.”

“Nimeshapoa,” akajibu, akaenda zake.

Nisikufiche: la kwanza lililomjia Mwalimu halikuwa huruma. La kwanza lilikuwa hasira. Ameharibu mwenyewe, alijiambia, ameacha chanjo juani, au barafu imeyeyuka njiani, halafu anataja penseli mbele za watu. Aliondoka maktaba na hasira hiyo, akatembea nayo mpaka nyumbani, na ilimfaa sana njiani, kwa sababu chini yake kulikuwa na kitu kingine ambacho hakutaka kukitazama.

Mumewe alikuwa uani, amepiga magoti, anafunga koki kwenye kipande cha bomba alicholetewa na jirani. Alikuwa mtu wa maneno machache, wa kumaliza siku nzima na sentensi sita, mbili zikiwa za kuomba chai.

“Fundi,” Mwalimu akaanza, sauti ya kawaida kabisa, “hivi sisi siku ya chanjo tunatumia maji gani?”

“Ya pipa. Si wewe unayechota?”

“Najua ni ya pipa. Nauliza ya bomba, sivyo? Pipa si liko chini ya bomba?”

Mumewe akainua kichwa. “Lile bomba la nyuma? Lile nimelifunga mwaka tulioleta vifaranga wa kwanza.”

“Umelifunga?”

“Halitoi hata tone. Hujawahi kulifungulia?”

Hakuwahi. Miaka yote hiyo alichota kwa jagi kwenye pipa lililojaa, na hakuwahi kujiuliza linajazwa na nani wala kwa nini. Sasa aliinua macho akaona bati lililokunjwa kama mfereji, linatoka ukingoni mwa paa, linapita nyuma ya jiko, linaishia mdomoni mwa pipa. Lilikuwepo siku zote. Alikuwa akilianikia matambara.

“Ni maji ya mvua,” akasema.

“Ya mvua. Kiangazi nachota kisimani na toroli. Maji ya bomba yana dawa, yanaua chanjo. Kazi yangu hiyo, nisijue?”

“Hukuniambia!”

“Nilikuambia.” Hakukasirika. Aliendelea kukaza koki. “Kabla ya vifaranga kuja. Ukaniambia, ‘Fundi, wewe shughulika na mabomba, vitabu niachie mimi.’ Nikakuachia.”

Mwalimu alisimama pale uani, kuku wake wakimzunguka miguuni, wanene, wazima, hata mmoja hajawahi kupinda shingo. Aibu ikampanda. Si kwamba alikuwa amekosea. Kila mtu hukosea. Alikuwa ameweka ushahidi wa miaka saba juu ya jambo ambalo hakulifanya hata siku moja, na aliyelifanya alikuwa mtu ambaye yeye, kwa mdomo wake, alimwambia anyamaze.

“Kuna nini?” mumewe akauliza.

“Hakuna kitu.”

Hiyo ilikuwa Jumatatu. Jumanne Mwalimu hakuenda maktaba. Alisema magoti yanamuuma. Alishinda jikoni akipanga maneno ya kumwambia Sindano, na kila alipoyapanga yalitoka kama hotuba ya siku ya wazazi. Jumatano alijikaza akaenda. Alijiambia kwamba akimkuta Sindano atasema pale pale.

Akamkuta. Sindano alikuwa amesimama mbele ya meza ya mkutubi, na safari hii watu walikuwa wengi zaidi: kinyozi wa mtaani, mama muuza mboga na yule mzee wa marehemu.

“Naulizia tena,” Sindano alikuwa akisema, na alisema kwa sauti iliyofika kila kona ya chumba kile. “Hakuna anayemjua Mwenye Penseli? Simtafuti kwa ubaya. Nataka aniambie tu.”

“Alishakufa yule,” mzee akasema. “Nimewaambia.”

“Labda hayuko hai,” Sindano akakubali. “Lakini kama yuko hai na ananisikia, aniambie.”

Watu wakageuza vichwa huku na huku, kama wanaongoja kweli. Mwalimu alikuwa na gazeti mbele ya uso. Neno lilimfika kooni. Nakuhakikishia lilifika, angefungua mdomo tu lingetoka lenyewe. Lakini alimwona kinyozi, aliyekuwa mwanafunzi wake. Alimwona mama mboga, ambaye watoto wake wote watatu walipita mikononi mwake. Akafikiria jinsi watakavyoangaliana. Akanyamaza, akasoma tangazo la nyumba ya kupangisha mara nne, mpaka akasikia mlango unafungwa.

Aibu ya Jumatatu ilikuwa ya mtu aliyekosea. Ya Jumatano ilikuwa nyingine, nzito zaidi, na Mwalimu alijua tofauti yake, kwa sababu maisha yake yote alikuwa amewaadhibu watoto kwa hii ya pili: kukosea si kosa kubwa, kunyamaza ukiulizwa ndilo kosa. Kwenye chakula cha jioni mumewe alimtazama, akataka kusema kitu, akasema chumvi imezidi.

Alhamisi alipata njia, na njia yenyewe ilikuwa ya mwizi. Alifika mlango unapofunguliwa tu, akakitwaa kitabu cha kijani, akaenda nacho meza ya nyuma kabisa, akatoa kifutio kwenye mkoba.

Alifungua ukurasa wa arubaini na moja. Akafuta. Neno “woga” likatoka, “bomba” likatoka, “miaka saba” ikatoka kwa shida kwa sababu pale alikuwa amekandamiza. Mwandiko ulikwenda, lakini karatasi ilibaki na mabonyeo ya herufi. Ukiinamisha kitabu kuelekea dirishani uliweza kusoma kila herufi. Akafuta tena, kwa nguvu, mpaka karatasi ikaanza kuota nyuzi. Vumbi la kifutio lilimjaa mapajani.

“Unafuta, Mwalimu?”

Mkutubi alikuwa amesimama nyuma yake na rundo la vitabu mikononi.

“Nasafisha,” Mwalimu akasema. Sauti ilitoka ya darasani kabisa. “Watu wanachafua vitabu vya umma. Ni aibu.”

“Kweli ni aibu,” mkutubi akasema.

Akaweka vitabu vyake mezani kimoja kimoja. Kisha akasema, bila kumtazama, “Ila kwa Sindano haitasaidia. Yeye maneno yale aliyanakili kwenye daftari lake. Amepata vifaranga kumi, na jana wakati anatoka aliniambia atawachanja kesho asubuhi. Kwa njia ile ile ya penseli, anasema, ila safari hii atakuwa makini zaidi.”

Mwalimu akafunga kitabu.

“Niandikie hiki,” akasema. “Nakiazima.”

Kutoka maktaba mpaka kibanda cha Sindano ni mwendo wa dakika kumi. Mwalimu alitumia karibu saa nzima. Mara ya kwanza alipita mbele yake akitazama upande wa pili wa barabara, kana kwamba kuna mtu anamwita huko. Alifika kona, akageuka, akapita tena. Mara ya tatu aliwaza: nikirudi nyumbani sasa, kesho vifaranga kumi watakunywa maji yasiyo na chanjo, na mdondo ukija yule mama mzee atakaa tena mlangoni atazame banda tupu. Akaingia.

Kilikuwa chumba kimoja chenye cherehani mbili, sare za shule zimening'inia ukutani kwa mistari, na meza ya kukatia nguo iliyojaa vipande. Chini ya meza palikuwa na boksi lenye taa, na ndani yake vifaranga kumi wakipiga kelele. Sindano alikuwa kwenye cherehani, anashona kola. Penseli alikuwa ameichomeka nyuma ya sikio, kama mafundi wote.

“Karibu, Mwalimu. Kaa.”

Mwalimu hakukaa. Alijua akikaa ataanza na habari za nyumbani, na habari za nyumbani zitakula nafasi ya lile lililomleta. Akakishika kitabu kifuani kwa mikono miwili.

“Mwenye Penseli ni mimi.”

Cherehani haikusimama.

“Niliandika maji ya bomba yanafaa,” akaendelea, na maneno yakaja ovyo, hakuna hata moja katika yale aliyoyapanga. “Si kweli. Mimi mwenyewe sikuwahi kuyatumia. Nilidhani ni ya bomba kumbe mume wangu alikuwa ananiwekea ya mvua, na aliniambia na sikumsikia. Wewe hukukosea popote. Ulifanya kila kitu sawa. Kuku wako nimewaua mimi. Na kesho, nakuomba, usichanje kwa maji ya bomba.”

Sindano alimaliza kola, akakata uzi kwa meno, akauweka ule mshono pembeni.

“Sichanji kwa ya bomba,” akasema. “Ya kesho nimeshachota kisimani.” Akaonyesha kwa kidevu. Kando ya boksi palikuwa na ndoo iliyofunikwa kitambaa safi.

“Lakini mkutubi amesema...”

“Nilimwambia aseme hivyo ukiwepo.”

Mwalimu akamtazama.

“Mwandiko wako, Mwalimu, mimi niusahau?” Sindano alisema taratibu, bila uchungu, na hilo ndilo lililokuwa gumu kulibeba. “Daftari langu lilijaa huo mwandiko miaka miwili. ‘Rudia.’ ‘Rudia.’ ‘Hujui kufikiri, rudia.’ Nilivyofungua kitabu cha kijani siku ya kwanza, nilijua ni wewe. Ndiyo maana niliamini. Angeandika mtu mwingine, ningefuata kitabu.”

Sasa Mwalimu akakaa.

“Kuku walipokufa nilijua nimekosea mimi,” Sindano akaendelea. “Hata sikuwaza vingine. Jumatatu nilikuja kukuuliza kweli kweli, mbele ya dada wa maktaba, nikijua uko pale. Nikasema labda anaona haya mbele ya watu, atanifuata nje. Hukunifuata. Jumatano nikaja tena. Ulivyonyamaza mara ya pili, ndipo nikajua ni maji. Unakumbuka ile hesabu ya matunda?”

“Hesabu gani?”

“Darasa la nne. Uliikosea ubaoni. Nilinyoosha mkono, nikasema Mwalimu, pale ni sita. Ukanitazama, ukafuta ubao wote, ukaanza hesabu nyingine. Mimi ukanisimamisha nyuma ya darasa kwa kelele.”

Mwalimu hakuikumbuka. Katika siku ile nzima hilo ndilo lililomuumiza kuliko yote: kwamba kulikuwa na mtu aliyeibeba hesabu hiyo miaka thelathini, na yeye aliyeisababisha hakuwa na hata kipande chake. Machozi yakamtoka, nayo akayaonea haya, akayafuta kwa kiganja.

“Nisamehe, mwanangu.”

Sindano alinyoosha mkono akaomba kitabu, akafungua ukurasa wa arubaini na moja, akainamisha kuelekea mlangoni penye mwanga. Akaona nyuzi za karatasi. Akaona mabonyeo ya herufi. Alimtazama Mwalimu, na Mwalimu akainamisha kichwa kama mtoto aliyekutwa na daftari la mwenzake.

Sindano akachomoa penseli nyuma ya sikio. Ilikuwa fupi, imeng'atwang'atwa. Akaiweka juu ya ukurasa, akausogeza kwenye meza ya kukatia.

“Andika.”

Mwalimu akaandika: “Usitumie maji ya bomba. Tumia ya kisima au ya mvua.” Akamrudishia.

Sindano akasoma kwa kidole, neno kwa neno, hana haraka.

“Rudia,” akasema.

“Kwa nini? Si sahihi?”

“Ni sahihi. Lakini atakayesoma hapa atadhani ulijua siku zote. Na yule aliyeishia na banda tupu ataendelea kudhani kakosea yeye. Si mimi peke yangu niliyenakili, Mwalimu.”

Nyuma ya pazia lililogawa chumba mtu akakohoa. Alikuwa mama mzee wa Sindano, na kando yake yule jogoo aliyebaki akikwaruza sakafu. Mwalimu akasikia kucha zake.

Akachukua penseli. Safari hii hakutafuta maneno mazuri. Aliandika: “Niliandika hapa kwamba maji ya bomba yanafaa. Nilikosea. Sikuwahi kuyatumia, mume wangu alikuwa akijaza pipa kwa maji ya mvua. Msomaji mmoja alinifuata, kuku wake thelathini na wanane wakafa. Hakukosea yeye.” Chini yake akaweka jina lake lote, lake na la baba yake, kwa herufi kubwa, mahali ambapo kinyozi na mama mboga na kila mwenye banda wangelisoma.

Sindano akasoma tena kwa kidole. Alifika karibu na mwisho, kidole kikasimama.

“Thelathini na saba,” akasema. “Jogoo yupo.”

Mwalimu akachukua penseli, akakata “wanane,” akaandika “saba.”